Maji gani hayo?
Eti muuzaji mliyemhoji anasema vape, hizi sigara za umeme, haina shida sababu ni mvuke wa maji tu, jamani maji gani hayo? Mimi natengeneza simu Kariakoo na hivyo vidude naletewa sana vikigoma kuchaji, ukifungua unakuta betri, kawaya ka kupasha moto na pamba imelowa maji mazito yananukia tikiti, ukiyashika yanateleza kama mafuta ya nywele, na pamba yenyewe unakuta imeungua nyeusi tii na mtu bado anavuta tu. Humo mna propileni glikoli na gliserini, ndo hayo maji mazito yanayotoa mvuke, ladha za kutengeneza na nikotini, ile ya tumbaku inayokufanya uwe teja, vingine vimeandikwa kabisa nikotini asilimia 5 na dogo wa sekondari wala hajui maana yake. Sawa, moshi wa sigara ni mbaya zaidi, hilo sibishi, ila Marekani 2019 hadi Februari 2020 zaidi ya watu 2,800 walilazwa au kufa kwa mapafu kuharibika baada ya kuvuta vape, 68 ndo waliokufa, na wengi walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyochakachuliwa na vitamini E asetati, yani hata wenyewe hawakujua kilichomo. Sasa hivi vya kwetu vinavyouzwa juu ya meza pamoja na chaja, kuna mtu humu ashawahi kuona vikipimwa?