Ricoh GR III: Kamera Ndogo Inayopimwa kwa Kile Isichokuwa Nacho

Lawama dhidi ya Ricoh GR III zinajulikana, na nyingi ni za kweli. Kamera hii, iliyoingia sokoni Machi 2019 kwa bei ya karibu dola 900 za Marekani, haina zumu. Lenzi yake ni moja tu, ya milimita 18.3, ambayo mtazamo wake ni sawa na ule wa lenzi ya milimita 28 kwenye kamera za filamu ya kawaida. Haina kitundu cha kuchungulia. Haina flashi ya ndani, ilhali mtangulizi wake, GR II ya mwaka 2015, ilikuwa nayo. Kioo chake cha nyuma hakiinuki wala hakigeuki, video zake haziendi zaidi ya HD kamili, na betri yake, kwa kipimo cha kampuni yenyewe, hutoa picha 200 hivi kabla ya kuchajiwa tena. Mtu akiiweka orodha hiyo kando ya simu ya bei ile ile, yenye lenzi tatu na video ya 4K, humaliza hesabu haraka na kusema kwamba kamera hii ni anasa ya watu wachache. Hesabu hiyo ina dosari, kwa sababu inajumlisha yote ambayo kamera haina na kuliacha nje jambo moja ambalo kwa ajili yake iliundwa hivyo.

Kamera ndogo za kawaida zilishindwa na simu, na zilishindwa kwa haki. Mwaka 2010 kampuni zilizo chini ya CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zilisambaza zaidi ya kamera milioni 100 zenye lenzi isiyobadilishwa. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa chini ya milioni 2. Zilizosalia ni zile zilizokimbilia mahali ambapo simu haikuweza kuzifuata kwa urahisi, yaani kwenye ukubwa wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Dalili zilionekana mapema: PowerShot G10 ya Canon, ya mwaka 2008, ilikuwa na megapikseli 14.7, lakini G11 ya mwaka uliofuata ilirudi hadi 10, ili picha za mwanga hafifu zipate nafuu. Mwaka 2012 Sony ikaleta RX100 yenye sensa ya inchi moja, na mwaka 2013 Ricoh ikaweka ndani ya kamera ya mfukoni sensa ya APS-C, ukubwa ule ule unaotumika katika kamera nyingi za lenzi za kubadilishwa.

Hapa inafaa kuhesabu kwa makini, maana wapenzi wa kamera hii nao hutia chumvi. Sensa ya GR III ina upana wa milimita 23.5 na kimo cha milimita 15.6, yaani eneo la milimita za mraba 367 hivi. Sensa ya inchi moja, ambayo imeingia hata kwenye simu kama Xiaomi 12S Ultra ya mwaka 2022, ina eneo la takriban 116. Kwa hiyo GR III ina eneo kubwa zaidi ya mara tatu. Hata hivyo mwanga unaoingia hautegemei sensa peke yake. Lenzi ya GR III hufunguka hadi f/2.8 (namba hii ikiwa ndogo, tundu la kupitishia mwanga huwa pana zaidi), ya simu ile hufunguka hadi f/1.9, na ukilinganisha upana halisi wa matundu yote mawili, faida ya mara tatu inashuka hadi mara mbili hivi. Ongeza kwamba simu hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, na utaelewa kwa nini mtu anayepiga jengo au mandhari usiku, vitu vilivyotulia, anaweza kushangaa kuona simu yake haikuachwa mbali. Anayeinunua GR III kwa ajili ya picha za aina hiyo peke yake amelipa zaidi ya alichopata.

Lakini GR haikuundwa kwa ajili ya vitu vilivyotulia. Ukoo wake ulianza na GR1 ya filamu mwaka 1996, na Daido Moriyama, mpiga picha wa Kijapani ambaye mitaa ya Tokyo imekuwa kazi ya maisha yake, ametumia kamera za ukoo huo kwa miaka mingi. Kazi ya namna hiyo inadai kitu ambacho jedwali la sifa halikionyeshi: muda kati ya jicho kuona na shata (pazia la kuingizia mwanga, linaloendeshwa kwa kitufe) kufunguka uwe mfupi kadiri inavyowezekana. GR III huwaka kwa takriban sekunde 0.8 baada ya kubonyeza swichi, na mkono mmoja unatosha kufanya kila kitu. Ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi, hivyo huwa mfukoni badala ya kubaki ndani ya begi nyumbani. Kisha kuna fokasi (ulengaji wa lenzi ili kitu kionekane wazi) ya umbali uliopangwa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa kamera hii na ndiyo inayoachwa nje ya ulinganisho karibu wote ninaousoma.

Utaratibu wake ni huu. Mpiga picha huchagua umbali mapema, kwa mfano mita 1, mita 2 au mita 2.5. Akibonyeza shata nusu, kamera hutafuta fokasi kama kamera nyingine yoyote. Akiibonyeza moja kwa moja hadi mwisho, kamera huacha kutafuta na kupiga papo hapo kwa umbali ule uliopangwa. Nguvu ya mpango huo iko katika ufupi wa lenzi. Ukiweka mita 2.5 na kufunga tundu hadi f/8, hesabu ya kawaida ya uwazi wa picha inaonyesha kwamba kila kitu kuanzia mita 1.2 hivi hadi upeo wa macho kitaonekana wazi kiasi cha kuridhisha. Maana yake ni kwamba katika mazingira ya soko, stendi ya mabasi au baraza, ambamo watu wako hatua mbili hadi tano kutoka ulipo, swali la fokasi limeshajibiwa kabla hujaitoa kamera mfukoni. Kamera haiwezi kumkosa mtu kwa kushika ukuta ulio nyuma yake, kwa sababu haijaulizwa imtafute nani.

Mkosoaji atajibu kwamba simu nayo huonyesha karibu kila kitu wazi, tena bila mpango wowote. Ni kweli, kwa kuwa sensa ndogo hutoa uwazi huo bure. Lakini bei yake hulipwa kwenye mwanga, na hapo ndipo sensa kubwa ya GR III inapopata maana yake halisi. Kumshika mtu anayetembea karibu nawe bila ukungu kunahitaji kasi ya 1/500 ya sekunde. Kwenye kivuli cha kawaida cha mchana, kasi hiyo pamoja na f/8 hudai ISO (kiwango cha wepesi wa sensa kwa mwanga) ya 800 hivi; ndani ya kichochoro chembamba kinachozibwa na kuta ndefu pande zote, huenda ukahitaji 3200. Sensa ya GR III huvumilia viwango hivyo, na chenga (punjepunje kwenye picha) zinazotokea ni za kustahimilika kabisa hata kwenye picha iliyochapishwa kubwa. Simu ikikutana na kivuli kile kile, mara nyingi hupunguza kasi ya shata na kutegemea kuunganisha picha nyingi, na mtu aliyesogea kati ya picha moja na nyingine hutoka na mkono uliolainishwa au uso uliopoteza ngozi yake. Kwa hiyo ukubwa wa sensa hapa haununui picha safi tu. Unanunua uhuru wa kubaki kwenye f/8, na f/8 ndiyo inayofanya fokasi ya kupangwa ifanye kazi. Ukiondoa kimoja, kingine kinaanguka. Ndiyo maana naona si haki kuihukumu kamera hii kwa kuhesabu vipengele kimoja kimoja.

Ukosefu wa zumu pia hubadilika sura ukiutazama kwa mwanga huo. Mwaka 2021 Ricoh ilitoa GR IIIx, yenye lenzi ya milimita 26.1 inayolingana na milimita 40, na wengi waliisifu kwa picha nzuri za watu. Lakini kwa mita 2.5 na f/8, uwazi wa lenzi hiyo huanzia mita 1.6 hivi na kuishia mita 6. Kinachopatikana kwa kusogeza mtazamo kinapotea kwenye uhakika wa fokasi, na zumu ingepoteza zaidi, achilia mbali ukubwa na uzito ambao ingeuongeza. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au vya Lamu, ambako mara nyingi huwezi kurudi nyuma hata hatua tatu, milimita 28 ni urefu unaotosha kuingiza mlango, baraza na waliokaa juu yake. Tena kamera ndogo isiyojitokeza huwaacha watu waendelee na mazungumzo yao baada ya kukuruhusu, badala ya kujipanga kwa ajili ya lenzi. Nasema baada ya kukuruhusu kwa makusudi: udogo wa kamera haumpi mtu haki ya kuwapiga picha wanaokataa, na kwenye miji hii wanaokataa wana sababu zao za heshima.

Hoja dhidi ya kamera hii ambayo naipa uzito mkubwa kuliko zote haimo kwenye orodha niliyoanza nayo. Ni vumbi. Mwili wa GR III haukuzibwa dhidi ya vumbi wala maji. Lenzi yake hutoka kila unapoiwasha na kurudi kila unapoizima, na mwendo huo hufanya kazi kama pampu: hewa huvutwa ndani, na pamoja nayo chembe zozote zilizo karibu. Kamera ina mfumo wa kutikisa sensa ili kuangusha vumbi, lakini chembe ikishang'ang'ania, mwenye kamera hana njia ya kuifikia, kwa sababu lenzi haibanduki kwenye mwili. Kazi ya dakika mbili kwa mwenye kamera kubwa hapa inakuwa kazi ya fundi wa kufungua mwili mzima, na kwa mtu anayeishi mbali na kituo cha matengenezo hiyo inaweza kumaanisha kuisafirisha kamera nje ya nchi. Mbaya zaidi, doa la vumbi kwenye sensa halionekani sana tundu likiwa wazi. Huonekana kadiri unavyolifunga. Yaani f/8 ile ile niliyoisifu kwa kirefu ndiyo inayoanza kuanika doa, hasa anga linapokuwa jeupe juu ya paa. Anayefanya kazi kwenye barabara za vumbi za bara wakati wa kiangazi, au ufukweni wakati wa upepo wa kusi, anatakiwa kulijua hili kabla ya kulipa. Kuiweka kamera kwenye mfuko safi wenye zipu na kutoiwasha penye vumbi linalotimka hupunguza hatari, ila hakuiondoi.

Mengine ni madogo kwa kulinganisha. Betri ya picha 200 ni kero, lakini ni ndogo kama kiberiti, za akiba hubebeka kirahisi, na kamera huchajiwa kwa waya wa USB-C kutoka kwenye pawabenki. Jua la adhuhuri hufanya kioo kisomeke kwa shida. Anayetumia umbali uliopangwa huathirika kidogo kwa kuwa hategemei kioo ili kujua fokasi iko wapi, ingawa kupanga kingo za picha kunabaki kuwa kazi ya kukisia. Fokasi ya kujiendesha penye mwanga hafifu ni ya polepole na husitasita. Usiku, ambapo f/8 haiwezekani tena, faida kubwa ya kamera hii inapungua kweli kweli. Kwa video sina utetezi wowote, simu ni bora.

Kwa hayo, mpiga picha wa harusi anayeishi kwa kazi hiyo hafai kuifanya GR III kamera yake kuu, wala mwandishi wa michezo, wala anayetengeneza video. Mzazi anayetaka picha za watoto ukumbini jioni atahudumiwa vizuri na simu aliyo nayo tayari. Anayefaidika ni yule ambaye somo lake ni watu wakiwa karibu, mchana, katika mwendo wa kawaida wa maisha, na ambaye yuko tayari kujizoeza kukadiria mita mbili kwa jicho. Mazoezi hayo si ya siku moja, na bila hayo mtu amenunua nusu ya kamera kwa bei ya nzima.

GR IV, iliyotoka mwaka 2025, inaonyesha kwamba watengenezaji wanalielewa jambo hili kuliko wakosoaji wao. Wameibakiza milimita 18.3 na f/2.8 kwa lenzi iliyoundwa upya, wameongeza hali maalumu ya upigaji kwa ajili ya umbali uliopangwa, wameimarisha utulizaji wa mtikisiko, na kumbukumbu ya ndani imepanda kutoka GB 2 hadi GB 53. Zumu hawakuiongeza, wala kitundu cha kuchungulia, na hapo nawaunga mkono. Lakini mwili haukuzibwa, na bei yake ilipotoka ilikuwa karibu dola 1,500. Kwa dola 900 mtu angeweza kusema kwamba vumbi ni hatari anayoikubali kwa hiari. Kwa dola 1,500, mnunuzi wa Dodoma au Garissa ana haki ya kudai mwili uliozibwa, na hadi utakapopatikana, GR III iliyotumika na kutunzwa vizuri inabaki kuwa chaguo la busara zaidi kwake.