Asilimia 90 ya Mguu Upi?

Mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa ACL, kano ya ndani ya goti, hufika siku akaambiwa aruke. Mguu mmoja, mara moja. Kisha mara tatu mfululizo. Kisha mara tatu akivuka mstari huku na huku. Mwisho aruke kwa mguu mmoja mita 6, muda ukihesabiwa kwa saa. Anapimwa pia nguvu za misuli ya mbele ya paja. Mguu uliopasuliwa ukifikisha asilimia 90 ya mwenzake, amefaulu, na kocha anamtaka Jumamosi.

Wapo wanaosema vipimo hivi ni kujifurahisha tu, na hoja wanayo. Mwaka 2019 watafiti Kate Webster na Timothy Hewett walikusanya tafiti 18. Waliofaulu walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kukata kipandikizi, yaani kano mpya iliyowekwa gotini, pungufu kwa asilimia 60, lakini hatari ya kukata ACL ya goti la pili ilizidi mara 3. Ukijumlisha yote, faida haikuonekana. Huenda aliyefaulu ndiye anayerudi kwenye mechi ngumu, akakutana na hatari nyingi zaidi. Hata hivyo takwimu ni takwimu, na anayetetea vipimo hawezi kuikwepa.

Ila kabla ya kuvitupa, tuulize: asilimia 90 ya nini?

Mtu akikaa miezi sita bila kucheza, mguu mzima, yaani ule ambao haukupasuliwa, nao unanywea. Tuseme kabla ya upasuaji mguu mzima ulisukuma kilo 60. Baada ya miezi sita unasukuma 48, na ule uliopasuliwa 44. Gawanya 44 kwa 48: karibu asilimia 92, amefaulu. Gawanya 44 kwa 60: asilimia 73, hajafika popote. Goti ni lile lile, siku ni ile ile. Ni kama kupima sukari kwa jiwe la mizani lililomeguka: mizani inalingana vizuri kabisa, na mteja anaibiwa. Utafiti wa 2017 uliofuatilia wanamichezo 70 ulionyesha hilo: 11 waliumia ACL tena, na 8 kati yao walikuwa wamefikisha asilimia 90 dhidi ya mguu wa pili. Wangepimwa dhidi ya uwezo wa mguu mzima kabla ya upasuaji, 6 kati ya hao 8 wangefeli.

Kuruka mbele nako kunadanganya. Goti halichangii sana msukumo wa kwenda mbele. Nyonga na kifundo ndivyo vinavyobeba kazi. Mchezaji mjanja hutupa mikono, hulaza kifua mbele, hutua goti likiwa limekakamaa, na futi inasoma sentimita zile zile. Kuruka juu kwa mguu mmoja kunamfichua upesi zaidi, kwa sababu hapo goti halina pa kujificha.

Kwa hiyo kilichooza ni kigawanyo, yaani namba ya mguu tunaolinganisha nao. Vigezo vikiwa vikali na muda ukiheshimiwa, picha hubadilika. Katika utafiti wa Oslo, Norway, na Delaware, Marekani, uliochapishwa 2016, kila mwezi wa kusubiri hadi mwezi wa 9 baada ya upasuaji ulipunguza majeraha mapya ya goti kwa takriban nusu. Waliorudi bila kutimiza vigezo, asilimia 38 waliumia tena. Waliotimiza, chini ya asilimia 6. Idadi yao ilikuwa ndogo, kweli, lakini pengo hilo si la kupuuzwa.

Klabu isiyo na mashine ya maabara haijakwama. Mchezaji aketi kitandani, goti nyuzi 90, kipima nguvu kiwekwe juu kidogo ya kifundo, kikiwa kimefungwa kwa mkanda kwenye mguu wa kitanda. Kisishikwe kwa mkono: paja la mwanasoka humshinda mpimaji, na namba inayosomwa inakuwa ya mpimaji. Asukume sekunde 5, mara tatu, apumzike dakika moja katikati, na umbali kutoka goti hadi kipimo uwe sawa miguu yote miwili. Mguu mzima upimwe wiki ya kuelekea upasuaji, kabla haujaanza kunywea, na namba hiyo iandikwe ndani ya faili lake. Wengi huikumbuka mwezi wa 6 baada ya upasuaji, wakati haipatikani tena.