Kibuyu sio cha mganga peke yake

Juzi nimetoka Magu, mkoani Mwanza, kwa bibi nimepakata kibuyu kwenye hiace, dada wa siti ya pembeni akakiangalia weee mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "kaka, hicho ni cha dawa?" Nikamwambia cha maziwa. Akasogea dirishani.

Hii kitu inaniuma jamani. Sisi tumekulia kwenye vibuyu, mi asubuhi nilikuwa naamshwa na mlio wa bibi akisukasuka maziwa, kibuyu kakilaza mapajani anakipeleka mbele anakirudisha mpaka siagi inajitenga, siagi inapikwa inakuwa samli na yale maziwa yanayobaki tunashushia ugali. Mbegu za msimu ujao zilikuwa kwenye kibuyu kingine kimezibwa mdomo na gunzi la mahindi. Maji mtungini unachota kwa kata, na kata yenyewe si kibuyu kilichopasuliwa tu? Kikipata ufa hakitupwi, kinashonwa.

Waganga wanavitumia kweli, sikatai, vibuyu vya dawa vipo na manyanga yapo. Lakini mganga si anakalia kigoda na mkeka pia, mbona mikeka tunalalia na hakuna anayeogopa?

Halafu angalia shuleni na vijijini, kile cha kunawia mikono tunakiita kibuyu chirizi, ukienda kukiona ni dumu la plastiki la lita tano limetobolewa likaning'inizwa kwa kamba. Jina tumeliacha chombo tumekitupa. 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima, sawa kabisa, ila madumu yaliyopasuka bado unayakuta ufukweni huku ziwani, wakati kibuyu kikivunjika kinaozea shambani kilikoota.

Na kukitengeneza sio kazi ya ajabu, unaacha mung'unya likomae na kukauka hapohapo kwenye mmea wake, unatoboa mdomo, unajaza maji siku kadhaa nyama ya ndani ioze, unatia changarawe unatikisa mpaka mkono uchoke, unamwaga, unarudia, unaanika. Uvumilivu tu ndo unatakiwa maana uchungu hautoki siku moja.

Changu ni kipya, maziwa ya kwanza yametoka na uchungu nikayamwaga. Nimekijaza maji tena kiko hapa jikoni, Jumamosi najaribu upya.