Maji ni ya ngozi, si ya kopo

Kiangazi kikishika Tabora, kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, hewa inakauka kiasi kwamba nguo iliyoanikwa saa nne inaanuliwa saa sita. Kinachokausha nguo ndicho kinachopausha miguu na kupasua visigino. Hapo ndipo watu wanapokumbuka kujitengenezea mafuta ya kujipaka, na makosa yaleyale yanarudi kila mwaka. Alovera inasagwa kwenye blenda, asali inamiminwa, tango linakunwa, vyote vinakorogwa na mafuta na kufungiwa kwenye kopo lililokuwa la siagi ya karanga. Siku ya tano linaanza kunuka. Siku ya nane lina ukungu wa kijani ukingoni, na mwenyewe anauengua kwa kijiko na kuendelea kujipaka.

Msimamo wangu ni huu: nyumbani usitengeneze losheni. Tengeneza mafuta ya mgando yasiyo na hata tone la maji, na maji yenyewe uyaweke mwilini, pale ngozi inapoyahitaji.

Losheni ya dukani zaidi ya nusu yake ni maji. Mwenye kiwanda ana kiungo cha kuyashikisha maji na mafuta yasiachane, na ana dawa ya kuzuia vijidudu aliyoipima kwa gramu. Wewe una mwiko na sufuria. Nta ya nyuki haishikishi maji na mafuta, hata video zikisema nini. Ukiikoroga kwa nguvu utaona mchanganyiko mweupe unaopendeza kwa siku mbili tatu, kisha maji yanajitenga. Na palipo na maji, sukari ya asali na majimaji ya mmea, vijidudu vinazaliana muda mrefu kabla ukungu haujaonekana. Kopo linaweza kuwa safi machoni huku limeshaharibika, na ngozi yenye mipasuko ndiyo ya mwisho kupakwa kitu cha namna hiyo. Vitamini E haisaidii hapo. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasigeuke harufu, haiui vijidudu. Tena vidonge vingi vya duka la dawa vina vitamini E ya aina ya asetati, ambayo hata hiyo kazi ya kulinda mafuta ndani ya kopo haifanyi.

Uzuri ni kwamba upande huu wa nchi tumekaa juu ya malighafi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo kopo zuri la mafuta ya mgando ni kama safari ya kilomita 400 na ushei za reli hiyo: mafuta ya mise yanatoka Kigoma kwenye michikichi, nta inatoka kwenye misitu ya miombo ya Sikonge na Kaliua, mkoani Tabora. Alizeti inapatikana kokote katikati.

Nianze na nta, maana ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi. Nta ya mzinga wa magome mara nyingi huja nyeusinyeusi, ina moshi, masizi, mabawa ya nyuki na mabaki ya asali. Ikiwa bado ni masega, yavunjevunje, yaloweke usiku mmoja kwenye maji baridi, mwaga maji hayo matamu, kisha yaweke kwenye sufuria na maji mapya. Tumia maji ya mvua kama unayo. Maji magumu ya kisima hufanya sehemu ya nta igeuke uji wa kijivu usioshikamana. Sufuria yenye kutu usiiguse, inaitia nta weusi usiotoka. Pasha taratibu bila kutokosa. Nta huyeyuka kwenye digrii 63 hivi, kwa hiyo moto mkali hauna faida yoyote zaidi ya kuiunguza. Ikishayeyuka yote chuja kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji ya moto, kamua kwa vijiti viwili, acha ipoe usiku kucha bila kuisogeza. Asubuhi utakuta sahani ya nta imeelea juu ya maji. Igeuze: chini ina tabaka la uchafu wa kahawia unaofanana na tope. Kwangua lote kwa kisu mpaka uone njano. Rudia mara mbili. Halafu anika vipande kivulini siku nzima, kwa sababu nta iliyotoka majini huficha matone ndani yake, na tumeshasema kuhusu maji.

Mafuta ya mise ni ya kokwa, si mawese. Mawese hutoka kwenye nyama ya chikichi, ni mekundu, na hata ukiyachanganya kidogo yataacha rangi ya machungwa kwenye shuka na kwenye kola ya shati. Kuna wanaoyachemsha mpaka yapoteze wekundu. Wanachoma kile kilichokuwa kizuri ndani yake na kujaza nyumba moshi, na ni njia nyepesi ya kuwasha moto jikoni. Mise ndiyo ya kujipaka. Lakini sokoni muulize muuzaji kwanza: "Shikamoo mama, haya kokwa zake zilikaangwa?" Yaliyokaangwa ni meusi na yana harufu ya kuungua ambayo haifunikwi na manukato yoyote. Yaliyokamuliwa kwa mashine bila kukaanga sana ni ya njano iliyofifia, na kwenye usiku wa baridi wa Julai huganda meupe. Hayo ndiyo unayoyataka.

Kabla hujayatumia yajaribu kama yana maji. Weka kijiko kimoja kwenye kikaango kidogo juu ya moto mdogo, usogeze uso pembeni, usikilize. Yakilia chwa-chwa-chwa, yana maji. Yapashe yote kwa moto mdogo mpaka mlio na mapovu yakome, yaache yatulie siku moja, kisha mimina ya juu na uache masimbi chini.

Alizeti nayaweka kwa sababu ngozi kavu inayapenda. Yana asidi ya linoleiki ambayo ngozi yenyewe huitumia kujenga ukuta wake. Ubaya wake ni kwamba yanageuka harufu haraka. Mise, kinyume chake, hudumu sana lakini peke yake ni mazito, na usoni mwa mtu mwenye chunusi yanaweza kuziongeza. Nusu kwa nusu yanafidiana. Karanga pia zinatoa mafuta mazuri na Tabora hazikosekani, ila usimpe wala usimuuzie mtu bila kumwambia, kwani wapo ambao karanga huwadhuru.

Kwa kopo la mililita 120: nta gramu 20, mise gramu 40, alizeti gramu 40. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni. Kijiko hakifai kwa nta iliyokunwa, kwa kuwa kijiko kimoja kikijaa laini kinaweza kuwa nusu ya kingine kilichoshindiliwa. Kama mizani haipo kabisa, yeyusha nta kwanza kisha ndiyo upime: kijiko kikubwa kimoja cha nta iliyoyeyuka kwa vinne vya mafuta. Fanya haraka, itagandia kijikoni.

Uwiano huo wa moja kwa nne ni wa Septemba na Oktoba, joto la Tabora linapopita digrii 30. Mise huyeyuka karibu na digrii 27, hivyo bila nta ya kutosha utafungua kopo mchana ukute supu. Juni na Julai punguza nta iwe gramu 14 au 15, la sivyo utakuwa unakwangua kwa ukucha. Kwa magaga ongeza: nta gramu 25 kwa mafuta gramu 75. Hiyo ni ngumu, na kwenye kisigino ugumu ndio unaotakiwa.

Vyombo vyote viwe vikavu, vikaushwe juani hata kama umevifuta. Weka nta na mise kwenye bakuli la bati au jagi la kioo kizito, lisimamishe ndani ya sufuria yenye maji ya vidole viwili. Usiiweke nta moja kwa moja motoni; ikishika moto usimwagie maji, funika kwa mfuniko na uondoe jikoni. Kwa jiko la mkaa, nyunyizia majivu juu ya makaa ili moto utulie. Maji yatikisike tu, yasiruke. Mvuke ukipanda sana unadondoka ndani ya bakuli, na kazi ya kukausha vyote imekwenda bure. Nta ikiyeyuka kabisa, epua, ndipo utie alizeti. Yakiwa baridi yataigandisha nta kwa muda na utaona vipande vyeupe. Rudisha kidogo kwenye maji ya moto mpaka viyeyuke.

Usimimine bado. Dondosha matone mawili kwenye kijiko cha chuma, kiweke juu ya maji baridi dakika mbili, kisha bonyeza kwa kidole. Yakibonyea na kuyeyuka kidoleni, sawa. Yakivunjika kama mshumaa, ongeza mafuta kijiko kimoja. Yakiteleza bila kukaza, ongeza nta gramu mbili. Jaribio hili la dakika mbili linaokoa kopo zima, na ni watu wachache wanaolifanya.

Unapomimina, mafuta yasiwe ya moto sana wala yasiwe yameanza kuganda. Ya moto kupita kiasi yakipoa yanazama katikati na kuacha shimo. Yaliyoanza kuganda yanajishika ukutani mwa kopo kwa mawimbi. Simamisha kopo ndani ya maji baridi, korogakoroga kwa kijiti mpaka yawe mazito kama uji, halafu liache. Ukiyaacha yapoe yenyewe polepole, hasa ukiwa umeweka mawese au siagi ya shea, yanajenga chengachenga kama mchanga. Si kuharibika, ni mafuta magumu yaliyoganda kabla ya wenzake. Yeyusha upya na upoze haraka. Mfuniko ufunge kopo likishapoa hadi chini. Wengi hufunga likiwa vuguvugu, jasho linatengenezeka chini ya mfuniko na kudondoka juu ya mafuta, halafu wanashangaa ukungu umetoka wapi kwenye kitu kisicho na maji.

Asali je? Najua Mnyamwezi hataki kusikia kitu kizuri kisicho na asali ndani. Lakini asali haiyeyuki kwenye mafuta. Itazama chini ya kopo na kukaa pale inanata, nayo ina maji yake. Ipake usoni dakika kumi kabla ya kuoga, isuuze, basi. Alovera nayo ikate siku hiyohiyo, isimamishe utomvu wa njano utoke, maana ndio unaowasha, pakaa ute mweupe na kilichobaki tupa.

Ndimu na baking soda sizungumzii sana: ndimu ikikutana na jua la saa saba inaweza kubabua ngozi na kuacha baka jeusi la wiki kadhaa, na baking soda inaikausha ngozi hiyohiyo unayotaka kuilainisha. Mafuta ya karafuu na mdalasini yanaunguza. Ukitaka harufu, mafuta ya kunukia yaliyo mapole yasizidi gramu moja kwa gramu 100, na ya mtoto mchanga yasiwe na harufu kabisa.

Sasa kujipaka, ambako ndiko nusu ya dawa iliko. Oga, jifute kwa kugusagusa, ngozi ikiwa bado na unyevu chukua kiasi cha kijiko cha chai kwa miguu yote miwili, yeyushia viganjani, paka ndani ya dakika tatu. Mafuta hayaleti maji, yanayafungia yaliyopo. Ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kauka unang'aa tu huku chini kumekauka vilevile. Ngozi ikiwa imepararaa sana, tia kijiko kimoja cha chai cha gliserini ya duka la dawa kwenye kiganja chenye maji, jipake, kisha mafuta ya mgando juu yake. Gliserini tupu kwenye hewa kavu ya Agosti haifai, inavuta maji kutoka kwenye ngozi yenyewe. Kwa magaga, loweka miguu dakika kumi, sugua kwa jiwe, paka yale magumu, vaa soksi ulale.

Na kama bado unaogea sabuni ya mche ya kufulia, anzia hapo kabla hujanunua nta.

Haki isemwe: kwa kuzuia maji yasitoke mwilini, hakuna mafuta ya asili yanayoyashinda yale ya mgando ya dukani yanayotokana na petroli, na ni ya bei nafuu. Sababu ya kujitengenezea ni nyingine. Nta na mise vinakaa vizuri zaidi mwilini, havinati kiasi kile, na unajua kila kilichomo. Hilo la mwisho si dogo katika soko lenye mikorogo ya zebaki na haidrokwinoni, ambayo imepigwa marufuku nchini na bado inauzwa kwenye vikopo visivyo na jina. Lakini mafuta haya hayazuii jua, hata kidogo. Mtu mwenye ualbino anahitaji losheni halisi ya kukinga jua, na asidanganywe na yeyote kwamba mawese yanatosha.

Kabla ya kujipaka mwili mzima, pakaa kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili. Ukitaka kuuza, vipodozi kwa sasa viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, wala siyo jambo la kubandika lebo na kupanga barazani; kwa matumizi ya nyumbani andika tarehe kwa kalamu kwenye kopo. Yenye alizeti yape miezi mitatu, mbali na dirisha, yachotwe kwa kijiko kikavu. Yakianza kunuka kama karanga za mwaka jana, usiyapake tena mwilini. Yapake mpini wa jembe au viatu vya ngozi, yatafanya kazi vizuri tu.