Maumivu sugu ya mgongo: lini kisu, lini mazoezi?

Mtu anayeumwa mgongo kwa zaidi ya miezi mitatu huhesabiwa na madaktari kuwa ana maumivu sugu, na kuanzia hapo ushauri anaoupata huanza kugongana. Daktari mmoja humwambia kwamba diski, yaani kitakio laini kilicho kati ya pingili (mifupa ya uti wa mgongo), imetoka mahali pake na tiba yake ni upasuaji. Mwingine humwonya asikubali kabisa mgongo wake uguswe na kisu, bali afanye mazoezi na kuwa mvumilivu. Pande zote mbili huzungumza kwa uhakika, na kila upande una wagonjwa wake wa mfano: huyu aliyefanyiwa upasuaji akarudi kazini, na yule aliyefanyiwa upasuaji huohuo akabaki na maumivu yaleyale, pamoja na kovu. Ninavyoona mimi, mvutano huu hauishi kwa sababu maradhi tofauti yamefungwa pamoja chini ya jina moja, kisha yakatafutiwa jibu moja.

Tatizo lenyewe si dogo. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu wengi zaidi ya hao waishi na ulemavu wa kiasi fulani. Katika idadi kubwa ya wagonjwa wa maumivu sugu, takribani tisa kati ya kumi, hakuna jeraha wala ugonjwa mmoja ambao daktari anaweza kuuonyesha na kusema kwa hakika kwamba huo ndio chanzo.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama upasuaji ni mzuri au mbaya, bali maumivu haya ni ya aina gani. Zipo dalili zisizoruhusu mjadala wowote: ganzi katika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kuanza au kuzuia haja ndogo, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Mwenye dalili hizo anahitaji hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa neva za mwisho wa uti wa mgongo zinabanwa na zinaweza kuharibika moja kwa moja. Homa, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani au kifua kikuu, na maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya nayo yanadai uchunguzi wa haraka. Wakiondolewa wagonjwa hao, hubaki makundi mawili makubwa: wale ambao maumivu yao yanashuka mguuni hadi chini ya goti, mara nyingi pamoja na ganzi, kwa sababu neva imebanwa, na wale ambao maumivu yao yanabaki kiunoni na mgongoni. Ushahidi kuhusu makundi haya mawili haufanani hata kidogo, na anayeuchanganya humpotosha mgonjwa, hata kama nia yake ni njema.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Marekani, Mixter na Barr, walieleza jinsi diski iliyopasuka inavyoweza kubana neva na kuleta maumivu ya mguu. Ulikuwa ugunduzi mkubwa na wa kweli. Hata hivyo, katika miongo iliyofuata diski ilianza kulaumiwa kwa karibu kila mgongo unaouma, na ujio wa picha za MRI ukaipa lawama hiyo sura ya ushahidi. Mwaka 1994 ulichapishwa uchunguzi wa watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Walipopigwa MRI, ni asilimia 36 tu waliokutwa na diski za kawaida katika ngazi zote, na zaidi ya nusu walikuwa na angalau diski moja iliyofura. Maana yake ni kwamba picha inaweza kuonyesha kasoro halisi ambayo haina uhusiano wowote na maumivu ya mwenye mgongo. Wanaoitetea MRI nao wana hoja ya haki, kwani bila picha huwezi kupata uvimbe, usaha au kuvunjika kwa pingili, na hakuna daktari wa upasuaji mwenye busara atakayepasua bila kuiona. Kosa ni kuiacha picha ichague tiba peke yake, kabla mgonjwa hajasikilizwa na kuchunguzwa kwa mikono.

Tuanze na maumivu yanayoshuka mguuni, maana hapo watetezi wa upasuaji wana nguvu. Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12: kundi moja lifanyiwe upasuaji mapema, jingine lipate tiba ya kawaida na kusubiri. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, lakini mwaka ulipokwisha, asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Watetezi wa kusubiri huutaja utafiti huu kama ushindi wao. Husahau kusema kwamba asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri waliishia kufanyiwa upasuaji ndani ya mwaka huo. Kusubiri kulifaa kwa wengi, na wengine hawakuweza kukuvumilia.

Kwa waliokaa na maumivu ya mguu muda mrefu zaidi, ushahidi unaelemea zaidi upande wa upasuaji. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa 128 walioumwa kwa kati ya miezi 4 na 12. Baada ya miezi 6, wastani wa maumivu ya mguu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi ulikuwa 2.8 kwa waliopangiwa upasuaji na 5.2 kwa waliopangiwa tiba isiyo ya upasuaji. Tofauti hiyo humwezesha mtu kulala usiku na kukaa kwenye kiti. Kumwambia mgonjwa wa aina hii aendelee tu na mazoezi mwaka baada ya mwaka, kwa hofu ya jumla kwamba mgongo haupasuliwi, ni kumnyima tiba inayofaa.

Hali hubadilika tunapokuja kwa maumivu yanayobaki mgongoni, ambapo upasuaji unaopendekezwa mara nyingi ni wa kuunganisha pingili ili zisisogee. Hapa tafiti zinaonekana kupingana, na ni vizuri tukae nazo kidogo. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2001, wenye wagonjwa 294, ulikuta kwamba baada ya miaka miwili waliounganishwa pingili walikuwa na nafuu kubwa kuliko ambao hawakupasuliwa. Utafiti wa Norwe wa mwaka 2003, uliokuwa mdogo, haukuona tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Wa Uingereza wa mwaka 2005, wenye wagonjwa 349, uliona tofauti ndogo mno, iliyoambatana na madhara ya upasuaji kwa baadhi ya wagonjwa.

Tafiti tatu kuhusu karibu upasuaji uleule zingewezaje kutoa majibu tofauti? Tofauti kubwa imo katika kile upasuaji ulicholinganishwa nacho. Uswidi, wasiopasuliwa walipewa zaidi fiziotherapia ya kawaida, yaani tiba ya aina ileile ambayo wengi wao walikuwa wameshaipata bila mafanikio. Norwe na Uingereza, walipewa programu nzito ya wiki kadhaa, yenye mazoezi ya saa nyingi chini ya wataalamu, pamoja na mafunzo ya kuelewa maumivu na kuondoa hofu ya kuutumia mgongo. Upasuaji ulipowekwa mbele ya mpinzani dhaifu ulishinda. Mpinzani alipokuwa imara, ushindi ulikaribia kutoweka. Hii ndiyo hoja ninayotaka kila mgonjwa aipeleke kwa daktari wake. Akiambiwa kwamba mazoezi yameshindikana, ana haki ya kuuliza ni mazoezi gani: karatasi ya michoro aliyopewa akaenda nayo nyumbani, au mpango halisi uliosimamiwa kwa wiki nyingi?

Madaktari wa upasuaji hujibu kwamba wastani wa utafiti huficha watu, na kwamba wapo wagonjwa wenye pingili iliyoteleza au njia ya uti wa mgongo iliyokuwa nyembamba ambao hunufaika sana. Ni kweli, na mgonjwa mwenye kasoro ya namna hiyo inayolingana na dalili zake asiwekwe kapu moja na wengine. Hata hivyo, kuunganisha pingili hakurudishwi nyuma. Kukishindikana, mgonjwa habaki pale alipokuwa. Mara nyingi hujikuta akijadiliwa kwa upasuaji wa pili.

Kuhusu dawa, mjadala ni mfupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 unakubali dawa za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki, kwa tahadhari, maana zikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo. Haupendekezi dawa kali za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na goti kwa miezi 12, haukuona kwamba dawa hizo ziliwasaidia kufanya shughuli zao vizuri zaidi kuliko dawa nyingine. Mwongozo huohuo haupendekezi pia mikanda ya kiuno wala mashine za kuvuta mgongo.

Mwongozo unachopendekeza ni elimu, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama masaji, na tiba za kisaikolojia. Ni haki kukiri kwamba faida ya kila moja, kwa wastani, ni ya kiasi tu, na kwamba hakuna aina moja ya mazoezi iliyothibitika kuzishinda nyingine zote kwa mbali. Kutembea, kwa mfano, kuna ushahidi mzuri: nchini Australia, katika utafiti wa watu 701 uliochapishwa mwaka 2024, waliopewa mpango wa kutembea walikaa wastani wa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, na wasiopewa siku 112. Lakini hao walikuwa watu waliokwisha kupona hivi karibuni, si watu wanaoumwa kila siku, na si vizuri kuwaahidi hawa wa pili matokeo ya wale wa kwanza.

Tiba ya kisaikolojia ndiyo inayopingwa zaidi na wagonjwa wenyewe, na ninawaelewa. Mtu aliyeumwa miaka mingi akipelekwa kwa mwanasaikolojia husikia kwamba anaambiwa anajitungia. Maelezo sahihi ni kwamba maumivu yakidumu, mfumo wa neva wenyewe hubadilika na kuzidi kuwa mwepesi wa kutoa maumivu, hata pale tishu zilipokwisha kupona. Hofu, msongo na kukosa usingizi huuongezea wepesi huo. Gordon Waddell, daktari wa upasuaji wa mifupa kutoka Scotland, alihimiza tangu mwaka 1987 kwamba mwili, akili na mazingira ya mgonjwa vitazamwe kwa pamoja. Anayempeleka mgonjwa kwenye tiba hii bila kumweleza hayo anaiharibu kabla haijaanza.

Kwa hiyo, kwa mwenye neva iliyobanwa, ambaye dalili zake, uchunguzi na picha vinakubaliana, na ambaye miezi ya tiba haikumsaidia, ningeielemea meza ya upasuaji bila kusita. Kwa mwenye maumivu ya mgongo pekee, ningetaka kwanza apate programu kamili ya mazoezi na elimu, na wala si jina lake tu. Kikwazo ni kwamba katika mifumo mingi ya afya upasuaji wa saa chache hulipiwa kwa urahisi kuliko wiki kadhaa za wataalamu wa mazoezi na wanasaikolojia, hata pale gharama yake inapokuwa kubwa zaidi. Mgonjwa huambiwa achague kati ya njia mbili, wakati moja kati ya hizo haijawahi kuwekwa mbele yake.