Robo milioni ya Donington

Katika gereji moja ya Katwe, hapa Kampala, Subaru ya mbio imewekwa juu ya mawe na fundi amelala chini yake. Giaboksi iko pembeni juu ya gunia. Imefunguliwa mara tatu tangu mwaka uanze, na simu ya mwenye gari haikatiki, maana yeye ndiye dereva, ndiye mlipaji, ndiye mwagizaji wa spea. Wapita njia wana hukumu yao tayari: "Huyo si dereva, ni tajiri anachezea pesa."

Hukumu hiyo ina nusu ya ukweli, nitaifikia. Kwanza twende Uingereza, kwenye mbio za magari ya saluni, yaani yenye umbo la magari ya kawaida ya familia. Mwaka 1999 msimamizi wa mbio hizo, Alan Gow, aliahidi pauni 250,000 kwa dereva yeyote anayejigharimia ambaye angewashinda wote katika mbio moja, wakiwemo wale wanaolipiwa na viwanda vya magari. Dereva Matt Neal akazichukua kwenye uwanja wa Donington Park, msimu ukiwa ndio kwanza unaanza.

Wengi huisimulia kama habari ya bahati nasibu. Mimi tarakimu ile hainitoki kichwani. Nani huweka robo milioni kwa jambo analolitarajia? Ni kama baba kumwambia mtoto, ukiukamata upepo nitakupa ng'ombe. Pauni zile zilipima ukubwa wa pengo lililokuwepo, wala hazikupima kipaji cha Neal. Gari lake lilikuwa Nissan Primera. Laurent Aiello naye aliendesha Nissan Primera mwaka huo huo, ya timu ya kiwanda, akawa bingwa. Ukisoma orodha ya matokeo utawalinganisha kana kwamba walikula sahani moja. Mmoja akivunja kitu, kiwanda kinalipa. Mwingine akivunja, anapunguza mwendo wiki inayofuata, nasi tunaandika kwamba ameshuka kiwango.

Na viwanda vyenyewe huondoka mahesabu yakigoma. Gharama zilipopanda, kanuni za magari ya wakati ule, za Super Touring, zikafa Uingereza mwisho wa mwaka 2000, zikaja nyingine. Neal alibaki, na mwaka 2005 akawa bingwa kwa Honda Integra iliyoundwa na timu yake.

Sasa nusu ya ukweli niliyoahidi. Timu ile ilikuwa ya baba yake, Steve Neal. Wapita njia wa Katwe wangecheka. Kijana mwenye mikono mizuri asiye na baba wa namna hiyo hatumwoni kabisa, na hilo ni zito kuliko utetezi wangu wote. Tena neno "kujitegemea" lina ujanja wake: Mehdi Bennani wa Morocco alitwaa kombe la madereva wa aina hiyo katika mbio za dunia za magari ya saluni mwaka 2016 akiwa na Citroën C-Elysée, aina ile ile iliyokuwa ikimpa José María López ubingwa wa dunia. Huyo huwezi kumwita maskini.

Lakini Uganda swali la kiwanda au mfuko wako halipo hata. Charles Muhangi alipokuwa Mganda wa kwanza kutwaa ubingwa wa rali wa Afrika, mwaka ule ule wa 1999, hakukuwa na kiwanda cha magari cha Kampala cha kumtuma. Ukimwondoa mwenye pesa zake, rali yetu ya Pearl of Africa itabaki na vumbi na askari wa barabarani. Anayemaliza wa nane na gari lililoshonwa hapa Katwe huenda ameendesha vizuri kuliko wa tatu aliyekuja na kontena la spea. Orodha ya matokeo ingekuwa na safu moja zaidi, ya nani amelipa, tungebishana kwa adabu.

Nilimwambia fundi hayo. Akacheka huko huko chini ya gari.

"Kwa hili letu, mzee, andika kiwanja cha Mityana, kile kilichouzwa."