Simu ya kila jioni: inaponya ama inachelewesha?

Kila mwaka KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo Kenya, wakishamaliza kugawa, chuo kikuu cha Egerton hapa Njoro kinajaa watoto wa watu kutoka kila kona, Kwale, Busia, Kitui, na wiki mbili tatu hazipiti kabla lile swali halijarudi: huyu wa mwaka wa kwanza anayepiga simu nyumbani kila jioni, aachwe ama aambiwe azoee?

Wazazi wengi wanasema azoee, ati kila akisikia sauti ya mamake kidonda kinachubuka upya. Na si uongo. Nikianza chuo, jirani yangu hostel alikua dada wa pwani, saa moja jioni ukipita unamkuta kwa ngazi na leso mbili juu ya sweta, maana Njoro iko juu zaidi ya mita 2,000 na ile baridi inamwingia mpaka mifupa, simu ameiegemeza ukutani na wala haongei. Kumbe mamake ameiacha tu karibu na mbuzi ya kukunia nazi, mama anakuna, binti anasikiliza ile kwaru kwaru mpaka bando iishe. Sisi tunashuka mess tunampita, tukazoea kumpita, hadi katikati ya semista hakuna aliyejua jina lake.

Lakini angalia pia niliyekaa naye chumba kimoja, wa Nyamira. Babake alimwambia piga kitabu, simu utapiga ukifunga shule. Akaingia kwaya, akajua watu nusu ya chuo. Halafu nyanyake akafariki, akaniambia niko sawa, na kesho yake nikamkuta anaanua nguo zilizokauka anazirudisha kwa beseni, anafua tena zilezile. Hakua na mtu wa kumwambia, na nyumbani alishazoeshwa kutopiga.

Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1973 kwamba upweke ni wa aina mbili, wa kukosa mtu wako wa ndani na wa kukosa kundi la kukuita twende tukale, na dawa ya mmoja haizibi pengo la mwingine. Hapo ndio naona pande zote mbili zinashika kipande. Simu ya mama haikuletei rafiki wa foleni ya chakula, na kwaya ya watu hamsini si mamako.

Kwa hivyo mimi simu siwezi kuikataza, shida naiona kwa saa. Saa moja ndio watu wanakula pamoja, ndio wanajuana, ukiimaliza kwa ngazi umepitwa. Piga saa tatu, ushakula na watu. (Asiyelala wala kula wiki nzima, huyo mpeleke kwa mshauri wa chuo, hayo ni mengine.)

Yule wa pwani semista ya pili alirudi na mbuzi yake na nazi sita. Akakuna yeye, wali tukapikia chumbani kwetu, na mamake kwa simu akawa anauliza, "Hao wanaocheka ni kina nani?" akampitishia kila mtu simu amsalimie.